Yamekwisha

Juzi, kwenye ofisi moja ya serikali upande huu wa Korogwe, nilipanga foleni nyuma ya mzee wa Kizigua. Alikuja kwa miguu, mara ya tatu, kushitaki kwamba wenye mkonge wamesogeza mpaka wakameza shamba lake pamoja na kaburi la mkewe.

"Jalada lako halionekani," karani alimwambia bila kuinua kichwa.

Mzee akapiga meza ngumi. "Mara tatu! Mmenifanya mtoto?"

Karani akasimama, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee. Nisamehe, kosa ni langu."

Ngumi ikafunguka palepale, ikawa mkono wa kusalimia. "Marahaba, mwanangu. Basi, yamekwisha."

Jalada likaonekana, chini ya kiwiko cha karani. Akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mlalamikaji mwenyewe amesema yamekwisha." Akagonga muhuri.

"Kijana ana adabu huyu," mzee aliniambia akitoka, uso umemkunjuka. Nilitaka kumwita arudi, lakini zamu yangu ilikuwa imefika, na wino wa muhuri ulikwisha kukauka.

Watu hulalamika kwamba serikali haijui adabu zetu. Laiti ingekuwa kweli.