Mkono Usio na Mwenyewe

Dobi alifulia kwa mikono, kama baba yake na babu yake, kwa magadi na maji ya moto, wakati wenzake wote walishanunua mashine zinazozungusha nguo mpaka zinasahau umbo la mwenye nguo. Katika nchi aliyohamia, mtaa mzima ulimjua. Walisema nzi akitua kwenye kola iliyotoka kwake, huteleza.

Kila jioni, kabla ya kufunga kibanda, alimpigia simu mama yake aliyebaki kwao. Mama alikuwa amepofuka. Hakutaka maneno mengi. Alitaka kusikia pasi ya mvuke ikipumua, ndipo apate usingizi.

Siku moja dada yake ndiye aliyepiga. Mama hali chakula, hajui mchana wala usiku. Njoo.

Tatizo ni kwamba ombi la Dobi la ukaazi lilikuwa bado halijajibiwa. La mkewe lilishakubaliwa. Lake lilikwama mezani kwa wakubwa.

"Ukitoka kabla hawajakujibu, watasema umelitupa mwenyewe," mkewe akamwambia.

"Wamenipa kibali cha kusafiri. Nirudi kabla hakijaisha, niweke vidole kwenye mashine yao, basi."

"Hiyo basi yako ndiyo inayonitisha, mume wangu."

Akaenda. Mama si mguu wa meza, ukivunjika ukachonge mwingine.

Alimkuta kitandani, amekwisha, hana kimo kuzidi mto aliolalia. Akapiga magoti, akampa mkono. Mama akaupapasa, kiganja kwanza, halafu kidole kimoja kimoja, kama anayetafuta sindano gizani. Kisha akauachia.

"Huyu si yeye."

"Ni mimi, mama."

"Sauti umeiiga vizuri," mama akasema bila hasira. "Lakini mkono huu hauna mwenyewe."

Dada akacheka kwa aibu. "Msamehe, kaka. Juzi kaniita mimi muuza mkaa."

Dobi hakucheka. Zamani jambo kama hilo lisingekaa hata siku moja. Angeitwa jirani, aseme huyu namjua, nilikuwepo akizaliwa, na neno la jirani lingetosha. Lakini majirani wale walikuwa wamekufa au wamehama, na waliohamia pale walichungulia madirishani tu, wakafunga mapazia.

Akafanya lile alilolijua. Akakusanya mashuka yote ya mama, yaliyoshika harufu ya ugonjwa, akayaloweka kwenye magadi makali, akafua. Kesho yake akafua tena. Dada akamwambia nyumba ya pili wana mashine.

"Mashine haina mama," akajibu.

Vidole vilimwaka moto, ngozi ikambanduka kama ganda la kitunguu. Hakuacha. Akayapiga pasi yakiwa na unyevu, akamtandikia. Mama akalaza shavu kwenye shuka, akanusa, akatabasamu.

"Sasa amekuja," akasema. "Mwambieni asichelewe kurudi kwake. Anasubiriwa."

Hakuchelewa. Alipotua, kibali kilikuwa bado hai. Afisa wa mpakani alikuwa binti mdogo, mwenye adabu.

"Mzee, weka kidole."

"Nimeweka."

"Kausha, uweke tena."

Akakausha kwenye suruali, akaweka. Kioo cha mashine kikawaka, kikazimika. Binti akakishika kiganja chake, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akakiachia haraka, kama mama alivyokiachia. Vidole vilikuwa laini kama migongo ya vijiko. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Hapa hakuna mtu, mzee."

"Si nimesimama mbele yako, mwanangu?"

"Mimi nakuona. Mashine ndiyo haikuoni."

"Mke wangu yuko nje ya mlango ule. Mwite anisemee. Mtaa mzima utanisemea. Hata hiyo kola yako, aliyeipiga pasi hakuijua kazi. Nani angekwambia hivyo kama si dobi?"

Binti akaigusa kola, nusura acheke. "Siku hizi mtu hasemewi, mzee. Ngozi itaota. Ila kibali kitaisha kabla haijaota, na kikiisha, ombi limefungwa."

Mlango wa kioo ulikuwa ukifunguka na kujifunga kila abiria alipopita. Dobi akamwona mkewe upande wa pili, amevaa gauni la buluu alilompigia pasi asubuhi ya safari. Akampungia. Mkewe akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa pembeni kidogo, kwa mtu wa karibu zaidi. Akanyoosha mkono kama anayepokea begi. Mlango ukajifunga. Ulipofunguka tena, hakuwepo.

Wakamrudisha kwa ndege ileile.

Dada alipomfungulia, aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Mama alikuwa ameegemea mto, simu sikioni, uso umemchangamka kama wa msichana.

"Nani huyo mlangoni?"

"Ni mimi, mama. Wamenikataa."

"Punguza sauti," mama akasema. "Mwanangu amefika salama. Ndiye huyu nazungumza naye."

Dobi akaweka begi chini, akaichukua simu. Kule, pasi ilikuwa ikipumua, taratibu, na nyuma yake mkewe akicheka kwa jambo aliloambiwa.