Punje Nyekundu ya Hopestill Larrabee

Katika mji wetu wa Marshwick, mwaka huo wa 1659, kura zilipigwa kwa mahindi na maharagwe. Ukikubali jambo, unatumbukiza punje ya mahindi katika kofia ya karani. Ukilikataa, unatumbukiza haragwe. Ngumi inaingia imefumbwa, inatoka wazi, na jirani yako hajui ulichotia. Lakini usidhani kila mwenye mkono aliruhusiwa kuutia kwenye kofia hiyo. Wanawake hawakuwamo. Watumishi hawakuwamo. Hata mwanamume mwenye nyumba yake na ng'ombe sita hakuwamo, kama hakuwa mshirika wa kanisa. Na ushirika wenyewe haukupatikana kwa kuotesha sugu benchini. Ulisimama mbele ya watu wote ukatoa ushuhuda: Mungu alikushika siku gani, mahali gani, na akakwambia nini. Wakikuamini, umeingia. Wasipokuamini, rudi nyuma ukasinzie.

Hopestill Larrabee, fundi mapipa, alikuwa amekaa benchi la nyuma miaka kumi na mitatu. Mapipa yake hayakuvuja, watoto wake walikuwa na adabu, na hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Ila ushuhuda hakuwa nao. Alipoulizwa alijibu, "Bado sijasikia kitu," na watu wakatikisa vichwa kama wanaomhurumia kiwete.

Aliletwa huku na merikebu akiwa na miaka saba. Baba na mama yake walikufa wote wawili kabla theluji ya kwanza haijayeyuka. Asubuhi moja alikutwa amekaa karibu na maiti ya mama yake, amekaza macho mlangoni, hataki kusogea. Aliyemtoa pale ni Bi Deliverance Coit, mkunga, mjane asiye na mtoto. Alimlisha uji, akamvika soksi za marehemu mumewe, akamlea mpaka akaota ndevu. Hopestill alipooa, ni Bi Deliverance huyohuyo aliyewapokea watoto wake wanne kwa mikono yake. Basi ukisikia mtu ana mama wawili, mmoja yuko kaburini na mwingine ndiye huyo.

Balaa lilianza vuli. Wanawake wawili wa wale wanaojiita Marafiki, watu wanaosali kimya bila mchungaji na hawaapi, ambao sisi tuliwaita Watetemekaji, walipita Marshwick wakiwa wamechapwa viboko mji wa jirani. Migongo yao ilikuwa haitazamiki. Bi Deliverance akawaingiza ndani, akawaosha vidonda, akakaa nao siku tisa. Walipoondoka, mkunga wetu hakuonekana tena kanisani. Alikaa kwake Jumapili nzima, kimya, mikono mapajani, akisema anasikiliza. Alipoitwa kutoa ushahidi katika kesi ya nguruwe aliyekula bustani ya mtu, alikataa kuapa. "Nikisema nimemwona nguruwe, nimemwona," alisema. "Kiapo cha nini? Mnadhani siku nyingine huwa nadanganya?"

Watu walicheka, lakini Mchungaji Stanwood hakucheka. Jumapili mbili mfululizo alihubiri kwamba jimbo letu lilijengwa kwa agano na Mungu, na agano likitobolewa na mtu mmoja, mji wote unazama. Aa, jamani! Wazee wetu walivuka bahari wakimkimbia mfalme aliyewapangia namna ya kusali. Walikuja na visahani vyao, Biblia zao na mbegu zao, na fimbo ya yule mfalme nayo wakaipakia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ikaamuliwa kwamba mwezi wa Machi mkutano wa mji upige kura: mjane Coit aachwe nyumbani kwake, au afukuzwe jimboni. Wapiga kura walikuwa kumi na wanane. Katika mji mdogo kila mtu anajua kilicho tumboni mwa mwenzake, na hesabu ilijulikana kabla ya Krismasi, sikukuu ambayo sisi hatuisherehekei hata hivyo: tisa wa kumwacha, tisa wa kumfukuza. Na kura zikilingana, uamuzi ulikuwa wa mchungaji.

Thankful, mkewe Hopestill, alimfuata mumewe karakanani.

"Baba Silence, nimehesabu."

"Kila mtu amehesabu."

"Anahitajika mmoja. Na huyo mmoja amekaa hapa anachonga pipa."

"Mimi si mshirika, mke wangu."

"Basi kuwa mshirika! Simama useme. Wangapi wamesimama pale wakasema? Barzillai Pitt alisema aliokoka alipoangukiwa na mti. Na wewe huna hata mti?"

"Nitamdanganya Mungu."

"Mungu anakujua, hutamdanganya. Utawadanganya hawa," Thankful akasema. "Yule mama alinishika mkono nilipokuwa nakufa na Silence tumboni. Ukimwacha akatupwa kwenye theluji, mimi na wewe tutaishi vipi humu ndani?"

 Hopestill alichonga ubao ule mpaka ukawa mwembamba mno, haufai tena.

Mwezi Januari alisimama. Meno yalimgongana, na watu wakaona ni dalili njema. Akasimulia asubuhi ile ya utoto wake, maiti ya mama, baridi, mlango. Akasema alipokuwa amekata tamaa alisikia sauti inamwita kwa jina, mara tatu, sauti ya upole iliyomwambia, "Inuka, njoo ule." Akasema wakati ule hakuelewa, ila sasa ameelewa kwamba ni Bwana alikuwa akimwita mezani kwake. Alipofika hapo alilia, na kilio hakikuwa cha uongo. Nusu ya kanisa walilia naye. Hata Barzillai Pitt, karani wa mji, mtu mkavu kama gome, alitoa kitambaa. Mchungaji Stanwood alishuka akamshika mikono yote miwili akamwita "ndugu".

Jumapili iliyofuata alihamishiwa benchi la tatu.

Thankful alikimbia kwa Bi Deliverance na habari ile. Kikongwe alikuwa anapukuchua mahindi. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akarudia mahindi yake, na Hopestill alipokuja jioni hiyo alimkuta bado anapukuchua.

"Mwanangu, sauti ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nakuita uje ule uji."

"Najua, mama."

"Umenitoa mimi ukamweka Mungu."

"Ni kwa ajili yako. Nipate kura."

"Sikukutuma." Akapukuchua tena kidogo. "Haya, lililosemwa limesemwa. Lakini watakuapisha wale. Usiape, Hopestill. Wewe nakujua tangu una meno ya utoto. Wengine kiapo kinawapita kama upepo. Wewe kitakukaba."

"Nisipoapa, sipigi kura."

"Basi usipige. Mimi ni mzee, nitatembea. Nimetembea sana."

Hakumsikia. Angemsikiaje, wakati amekwisha kuingia mtoni na maji yamemfika shingoni? Mwezi Februari alikwenda mbele ya hakimu, akainua mkono, akarudia maneno: kwamba kila atakapopiga kura, ataipiga kama dhamiri yake inavyomwamuru mbele za Mungu, kwa faida ya jimbo zima, bila kumpendelea mtu awaye yote. Yale maneno ya mwisho yalimtoka taratibu. Njia nzima ya kurudi aliyarudia akiwa juu ya farasi, na kila akiyarudia yalimkaza.

Siku ya mkutano theluji ilikuwa magotini. Thankful alishusha hindi moja jekundu lililoning'inia juu ya meko, mbegu ya Bi Deliverance mwenyewe, akalichokonoa punje moja, akamtilia mumewe mfukoni.

"Ya kwake imtetee," alisema. Akamfunga vifungo vya koti kana kwamba anamvalisha mtoto.

Haragwe alilichukua mwenyewe. Ilikuwa desturi kuja na vyote viwili, ili mtu asijulikane.

Mkutanoni Mchungaji Stanwood aliomba sala ndefu. Hakumtaja mjane hata mara moja. Aliomba tu kwamba kila mwenye kiapo akumbuke nani alikuwa shahidi wa kiapo chake. Hopestill akatia mikono mfukoni, akashika punje huku na haragwe huku. Kisha Karani Pitt akapita na kofia, benchi kwa benchi.

Hebu mtazame sasa, amekaa benchi la tatu, punje mkono wa kulia, haragwe mkono wa kushoto. Aliingia kanisani kwa kusudi moja tu, kumpendelea mtu mmoja. Na aliapa kutompendelea mtu. Alijiuliza: kama yule asingekuwa mama yangu, ningesema nini juu ya mtu anayekataa kanisa, kiapo na sheria? Angekuwa mgeni tu, fulani wa fulani? Dhamiri yake, ile aliyofundishwa tangu utotoni kwa fimbo na mahubiri, ikamjibu bila kusita. Amemdanganya Mungu mara moja kwa ushuhuda. Je, amdanganye tena, na safari hii kwa kiapo? Mara mbili katika miezi mitatu? Aliona moto wa milele kwa macho yake, nawaambia, si kwa mfano.

Na mimi nitalisema lililobaki, kwa kuwa yeye hakulisema maisha yake yote. Benchi la tatu lilikuwa tamu. Kuitwa ndugu kulikuwa kutamu. Mtu aliyekuwa yatima tangu ana miaka saba alikuwa amepata nyumba yenye ndugu kumi na wanane.

Kofia ikafika. Akatumbukiza haragwe.

Karani akaimwaga juu ya meza, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Mahindi tisa. Maharagwe kumi. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akitafuta katika wale tisa wa huruma nani amegeuka. Mzee mmoja wa benchi la mbele alisingiziwa mpaka akafa. Hakuna aliyemfikiria Hopestill, mtoto wa kulea wa mjane.

Walimtoa Bi Deliverance siku ya tatu, na kifurushi na fimbo. Konstebo alikuwa amsindikize hadi mpakani kusini, ambako ng'ambo ya mto watu hawaulizwi habari za roho zao. Majirani walisimama milangoni. Wengi wao aliwapokea duniani yeye. Alipofika kwa Hopestill alisimama, akamvuta kichwa, akambusu kwenye paji la uso.

"Asante, mwanangu. Najua ulijaribu."

Na yeye akazipokea asante zile.  Kikongwe akaenda zake akizama na kuibuka kwenye theluji, konstebo nyuma yake akimhimiza kwa aibu.

Alifika ng'ambo, ila hakumaliza mwezi. Kifua kilimuua. Habari ilikuja na mchuuzi wa ngozi, Mei.

Jioni ile ya kura, kabla ya yote hayo, Thankful alikuwa ametundika koti la mumewe karibu na moto likauke. Alipitisha mkono mfukoni kukung'uta theluji, akagusa kitu kidogo kigumu. Asubuhi Hopestill alitafuta punje ile mfukoni, sakafuni, karakanani kwenye maranda. Haikuwepo. Hakuuliza, wala mkewe hakusema. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, na mwaka uliofuata mtoto mwingine alizaliwa, kwa mkunga wa kukodi aliyetoka mbali.

Hopestill alipiga kura miaka ishirini na sita baada ya hapo. Haragwe hakulishika tena. Kila jambo aliloletewa alitia mahindi: barabara mahindi, uzio mahindi, kumchapa mtu viboko mahindi, kumsamehe mtu huyohuyo mahindi. Vijana walimwita Mzee Mahindi kwa kumcheka, na akawekwa shemasi.

Lakini hili ninalolisimulia sasa lilitokea mwaka wa nne tangu mama yake afukuzwe. Kiunga cha Bi Deliverance alikuwa amepewa Thankful kulima, maana hakuna mwingine aliyekitaka. Jioni moja ya vuli walikuwa mezani, na Silence, aliyekuwa na miaka sita, akakoroga bakuli lake kwa mashaka.

"Mama, mbona uji wetu una wekundu, na wa akina Pitt mweupe?"

"Muulize baba yako. Mbegu ni yake."

Hopestill aliweka kijiko chini. Alitazama bakuli, kisha dari, kulikoning'inia mahindi mekundu matano, sita, manene, yenye punje nyingi zisizohesabika. Akajua punje ile ilikokwenda.

"Ilikuwa punje ya bibi yako Deliverance," alimwambia mtoto. "Nilitaka kuitia kwenye kofia, siku ile. Nikasahau."

"Hukusahau," Thankful akasema, akamwongezea uji.