Bomba Lililopasuka Siku ya Hina

Ubao wa kozi umetundikwa langoni mwa chuo, kule upande wa Makupa. Niliusoma nimesimama juani mpaka askari wa lango akanionea huruma akaniletea kiti. Mimi niliishia darasa la nane, nikaolewa, nikazaa, na katika hayo yote hakuna aliyewahi kuniuliza nataka kuwa nani. Sasa ubao mzima waniuliza mimi! Ushonaji? Keki na mikate? Ususi? Umeme wa nyumba? Kuchomelea vyuma? Friji? Nilikuwa kama mtu aliyefunga kutwa akakaribishwa futari ya nyumba saba, hajui aanzie kaimati au viazi vya nazi.

Nilipofika dirisha la kujiandikisha nilikuwa nimeshaamua ushonaji. Nikasikia mdomo wangu wasema, "Mabomba."

Karani, mama mmoja wa bara, alinitazama buibui langu toka juu hadi chini. "Mabomba ya maji, mama?"

"Kwani yako mengine?"

Tukacheka sote wawili, akaniandika. Mpaka leo sina hakika kama nilichagua au niliteleza tu. Lakini sababu nilikuwa nayo. Kwetu Kibokoni bomba likivuja mchana, waume wako kazini, fundi haingii nyumba yenye wanawake peke yao. Twaweka ndoo, twangoja jioni. Sijui nyumba isiyo na ndoo hiyo. Nikawaza, fundi akiwa mwanamke, ndoo nayo itapumzika.

Mume wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha akasema, "Shauri yako na mama."

Mama ni mavyaa wangu, mamake mume wangu, na sisi twakaa nyumbani kwake. Ni mtu mwema, niliseme hilo mapema, maana yajayo yatamfanya aonekane mkali.

"Mkaza mwanangu mie aingie vyooni mwa watu na spana?" alisema. "Watu waseme nyumba hii imekosa chakula?"

Kwa haki, alikuwa na hoja. Jina la nyumba ile amelibeba yeye, si mimi. Basi akapanda tuktuk mwenyewe mpaka chuoni, akarudi na jawabu: mwanafunzi aruhusiwa kubadili kozi kabla ya mwezi wake wa kwanza kwisha. "Nimekuwekea nafasi ya keki. Hina ya wifi yako ikipita, wahamia huko."

"Haya, mama."

Nilisema haya kwa sababu ya adabu, na pia kwa sababu sikujiamini. Nilikuwa nimejifunza kukata bomba, kuzungusha ile tepu nyeupe ya kuzuia mvujo, na kufunga valvu ya tangi. Basi. Mtu hawezi kumpinga mavyaa wake kwa tepu. Lakini usiku nililia kidogo, na asubuhi nikauficha mfuko wangu wa spana nyuma ya mlango nisiuone.

Siku ya hina ikafika. Alasiri, nyumba imejaa wanawake, vichwa wazi, madera, udi, ngoma. Wifi yangu, bibi arusi, amekaa mkekani mikono na miguu mibichi ya hina, hawezi hata kujikuna pua. Kazi ya kumkuna ilikuwa yangu.

Pua ikiwa mikononi mwangu, tukasikia *paa!* chooni.

Maji yakaja. Hayakuja kwa adabu, yalikuja kama wageni wa arusi, yote pamoja, yakielekea mkekani.

"Miguu yangu!" bibi arusi akapiga kelele. "Hina yangu!"

Mashangazi wakamnyanyua na mkeka wake wakamweka juu ya meza, akakaa pale kama sinia la biriani. Mavyaa akampigia simu fundi wa mtaa, ambaye karakana yake iko kona ya pili. Haikupita dakika, mlangoni, "Hodi!"

"Usiingie!" nyumba nzima ikamjibu.

"Mumeniita au hamkuniita?"

"Tumekuita," mavyaa akasema kwa upenyo wa mlango, "lakini usiingie!"

"Sasa nilitengeneze kwa dua, bibi?"

Wanawake wakaangua kicheko, maji yakawafika vifundoni. Mavyaa akageuka, akanitazama mimi.

"Nini wewe, wangoja keki?"

Nilikimbia darini sikumbuki vipi. Kule juu yako matangi mawili, letu na la jirani, bega kwa bega. Nikaikamata valvu nikaifunga kwa nguvu zangu zote. Chini, mafuriko vilevile. Kutoka dirisha la jirani ikatoka sauti ya mwanamume: "Nani amefunga maji? Nina sabuni machoni!"

"Hilo la jirani!" fundi akapaza sauti kutoka uchochoroni. "Lenu ndilo lenye mpira mweusi!"

Nikamfungulia jirani maji yake, na samahani juu. Ya kwetu ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikasema bismillahi nikaning'inia kwayo kama nguo kwenye kamba, ikazunguka. Chini wakapiga vigelegele mpaka nikadhani arusi imeshafungwa.

Yaliyofuata nayaandika kama yalivyokuwa, nisijipe sifa isiyo yangu. Fundi alikaa barazani nje, mimi chooni ndani na mfuko wangu wa spana, na mavyaa katikati akibeba maneno, amepandisha dera magotini.

"Asema ukate palipooza!"

"Nimekata, mama. Sasa tepu niizungushe upande gani?"

"Fundi! Yuauliza upande gani!"

"Upande wa kukazia!"

"Asema upande wa kukazia. Kwani huko chuoni wafundishwa nini?"

Mara ya kwanza likavuja. Mara ya pili likashika. Nusu ya kazi ile ni ya fundi, na nilipompelekea sinia la biriani nilimwambia hivyo. Akajibu kwa mdomo umejaa kwamba ziko nyumba chungu nzima asizoweza kuingia mchana, na nikihitimu ataniita.

Asubuhi yake mavyaa alinimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo lilinitia hofu.

"Ile nafasi ya keki," akaanza.

Nikaweka kikombe chini.

"Nimeshawaambia kuna mtu atakuja. Sipendi kitu kipotee."

"Ndiyo, mama."

"Basi naenda mie. Wewe kaa na mabomba yako."

Siku hizi twapanda tuktuk moja, yeye na mifuko yake ya unga, mimi na spana, twacheka mpaka dereva atuangalia kwa kioo. Keki yake ya kwanza ilizama katikati. Aliniuliza nionavyo, nami sijui kudanganya, nikamwambia imezama.

"Na bomba lako lavuja," akasema.

Nikaenda kutazama. Kweli, tone moja, polepole. Chini yake ameshaweka ndoo, na juu ya rafu kando yake, kwenye kisahani, kipande cha keki.

"Hicho ni cha fundi wa nyumba hii," akasema kutoka jikoni. "Akimaliza."