Mbingu Ilipopanuka Mgwashi

Mwalimu Abrahamu alikuwa mtu wa wasiwasi hata mambo yalipokuwa shwari, na mwaka ule wa hamsini na mbili hayakuwa shwari. Akifunga mlango, hurudi kuusukuma. Akiisha kuusukuma, hurudi kuhakikisha kwamba kuusukuma hakukuufungua. Kumpa mtu wa namna hiyo somo la ulimwengu ni sawa na kumpa mwoga kazi ya kulinda makaburi.

Jumatatu aliwaambia watoto wa darasa la nne, kama kitabu kilivyosema, kwamba ulimwengu unapanuka. Watoto wakaenda na habari hiyo nyumbani. Jumatano madawati yalikuwa matupu. Alhamisi akaitwa barazani kwa Zumbe Mbaraka, mkuu wa kijiji, mbele ya wanakijiji.

Sababu haikumpiga chenga. Mwaka juzi msitu wa serikali nao ulipanuka. Walikuja wapima na minyororo na vigingi, na walipoondoka, masale yaliyopandwa na mababu kuonyesha mpaka wa shamba la Mwajuma yalikuwa ndani ya msitu, na Mwajuma mwenyewe nje. Tangu hapo watu wa Mgwashi hawakupenda kusikia kitu chochote kinapanuka. Na mwalimu, kila mtu alijua, hulishwa na serikali. Wazee wakimwona kuwa mtangulizi wa wapima, watoto hawarudi, shule inafungwa, naye anakwenda kwao Bumbuli kumweleza mama yake kwamba amefukuzwa kwa ajili ya nyota.

"Shikamoo, Zumbe."

"Marahaba, Mwalimu. Tumesikia mbingu inapanuka. Inaelekea upande gani?"

"Haielekei upande, Zumbe. Inapanuka kila mahali."

"Ndivyo walivyosema wale wa vigingi," alisema Mwajuma kutoka upande wa akina mama. "Waliniambia, ‘Hatukuonei wewe, mama, tunapima kila mahali.’"

Watu wakacheka kicheko kisichomsaidia mwalimu. Macho yake yakaangukia boga miguuni pa Mwajuma, alilomletea Zumbe, maana kwa mkubwa hakuendwi mikono mitupu. Mmea wa boga haujui mpaka. Hutambaa hadi kwa jirani. Kwa hiyo mwenyewe hulikwaruza alama boga likiwa bado changa, lisije likavunwa na mwingine.

"Mama Mwajuma, nukta hizi tatu ulizikwaruza lini?"

"Lilipokuwa kama ngumi."

"Zilikuwa mbalimbali hivi?"

"Wapi! Zilibanana, hata kidole hakipiti."

"Nani alizisogeza?"

"Azisogeze nani? Boga limekua."

"Basi, nyota nazo ni hivyo," alisema Abrahamu. "Makundi ya nyota hayamwendei mtu shambani. Nafasi iliyo kati yake ndiyo inayokua. Ukisimama kwenye nukta hii, unaona nyingine zinakukimbia. Ukisimama kwenye ile, ni hivyo hivyo. Hakuna iliyo katikati."

"Hata boma la serikali kule Lushoto?"

"Hata boma, Zumbe." Alikwisha kulisema ndipo akageuka kuangalia nani amesikia.

"Na shamba langu, lililobaki?" aliuliza Mwajuma. "Litavutwa?"

"Hapo mfano wa boga unachechemea, mama. Vitu vilivyoshikana, shamba, mlima, hata jua na dunia, havivutwi. Ni huko mbali sana."

Zumbe alilitazama boga. "Na mwisho wa yote uko wapi?"

"Sisimizi akitembea juu ya boga hafikii ukingo, na bado boga lina kiasi chake. Labda ulimwengu ni hivyo. Labda hauna kiasi kabisa."

"Labda?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu alfajiri. Mwalimu asiyejua hana kazi. Alitafuta uongo, lakini hata huo hakuuona.

"Sijui, Zumbe. Waliotunga kitabu pia hawajui."

Kisha Zumbe akawageukia wazee wake.

"Wapima niliwauliza msitu unaishia wapi," alisema, "wakanijibu kabla sijamaliza kuuliza. Huyu si mwenzao."

Jumatatu iliyofuata madawati yalijaa. Masale ya Mwajuma hayakurudi, lakini yeye alimpelekea mwalimu boga jingine, nalo lina nukta tatu. Abrahamu hakulipika. Aliliweka dirishani, na kila asubuhi, akiisha kuusukuma mlango, alirudi kuzipima zile nukta kwa vidole, kuhakikisha kwamba zimetulia.