Barua Thelathini na Moja za Mzee Gundi

Mzee Gundi hakuwa na haraka na kitu chochote duniani isipokuwa barua ya Januari. Nimefanya naye kazi miaka kumi na sita kwenye jengo la nyaraka za serikali, yeye chumba cha nyuma akitengeneza karatasi mbovu, mimi meza ya mbele nikipokea wasomaji, na mtu mwenye subira kama yule sijamwona. Karatasi iliyoliwa na mchwa, iliyolowa, iliyochanika vipande kumi na viwili, anailaza mezani, anapika gundi yake ya unga wa ngano kwenye kisufuria, halafu anaiunga taratibu kwa brashi nyembamba. Tukimtania, "Mzee, hiyo ni orodha ya penseli za ofisi za miaka sitini iliyopita, nani ataisoma?" anajibu bila kuinua kichwa, "Ina mwenyewe. Atakuja kuitafuta." Jina la utani lilitoka kwenye kisufuria hicho, na aliliitikia bila kinyongo.

Yeye mwenyewe alikuwa anatafuta. Kaka yake mkubwa alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Ukatokea mgomo, makaratasi ya mgomo yakachapwa pale, na asubuhi moja wafanyakazi tisa wakachukuliwa mbele ya mashine zao. Hakurudi hata mmoja. Hiyo ni miaka thelathini na minne sasa.

Mama yao alishinda getini kwa wakubwa mpaka walinzi wakamzoea, wakawa wanamfukuza kwa jina. Alipochoka akamwita huyu mdogo, ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa kwetu. "Wewe unashinda na makaratasi ya serikali," akamwambia. "Waandikie wenye serikali yao. Waambie namtaka mwanangu, mzima au maiti." Basi kila Januari Mzee Gundi akawa anaandika barua, mama anabonyeza dole gumba chini, na yeye anaipeleka kwa mkono mpaka masijala ya wizara, asubiri igongwe mhuri mbele ya macho yake. Jibu lilikuwa lile lile kila mwaka: suala lako linashughulikiwa. Jioni mama anauliza, "Umeipeleka?" "Nimeipeleka, mama." "Haya, sasa nitalala." Dada yao mkubwa ndiye aliyekuwa anamkumbusha mwezi ukikaribia, kana kwamba yule alihitaji kukumbushwa!

Hapa lazima nikueleze kanuni moja ya kazi yetu, usije ukanielewa vibaya. Jalada la wizara haliletwi kwetu mpaka lilale miaka ishirini. Kulala maana yake isiingie karatasi mpya ndani yake. Ukitia hata kikaratasi cha mistari miwili, jalada limeamka, linabaki wizarani, na hesabu ya miaka ishirini inaanza upya. Kanuni hii mimi naiimba kwa wageni mara tano kwa siku. Mzee Gundi ndiye aliyenifundisha nilipoajiriwa.

Miaka kumi na moja iliyopita majalada ya wale watu wa kiwandani yaliletwa. Tulifungua sanduku tukahesabu: manane. Tukahesabu tena, manane. Lililokosekana lilikuwa la kaka yake. Jamaa za wale wanane walikuja kusoma pale mezani kwangu, mmoja mmoja, wakalia wakamaliza, wakaondoka kila mtu na karatasi yenye namba ya kaburi, maana wafungwa wale walizikwa nyuma ya hospitali ya gereza kwa safu na namba. Namba tu, hapana jina. Mzee Gundi aliwapelekea maji ya kunywa.

Haikupita miaka miwili, barabara mpya ikaamuliwa kupita makaburini pale. Tangazo likatoka: mwenye maiti yake aje na namba ndani ya miezi mitatu. Wale wanane wakahamishwa, wakazikwa makwao. Mama yake Mzee Gundi alikwenda naye, bibi wa watu, akakaa nje ya uzio kutwa nzima akitazama wenzake wanakabidhiwa masanduku. Namba hakuwa nayo. Mifupa iliyobaki ilibebwa na malori, na ukiuliza leo ilimwagwa wapi, hakuna anayejua. Mama alifariki miaka mitano baadaye, akaacha wasia kwamba pembeni yake paachwe nafasi ya mwanawe.

Mwaka ule wa malori Mzee Gundi alikata tamaa. Akaniambia, "Binti yangu, labda nipumzike na hizi barua." Nikamjia juu! Nikamwambia, "Mzee wangu, we! Andika tena, na mwaka huu andika kwa ukali. Ukinyamaza watasema umeridhika." Na kweli akaandika. Maneno yangu hayo nayakumbuka neno kwa neno, na natamani ulimi wangu ungekatika kabla sijayasema.

Mwaka huu ikapitishwa sheria mpya: majalada yote ya kipindi kile yaletwe, yaliyolala na yasiyolala. Yakaja masanduku mia nne na kumi na mawili, tukayapanga mpaka kwenye korido. Kazi ya Mzee Gundi ilikuwa kung'oa pini zilizoota kutu, kuhesabu karatasi za kila jalada, na kuzitia namba kwa penseli. Siku ya kumi na tisa akaja mezani kwangu saa nne asubuhi, na sikuwahi kumwona akiacha kazi yake saa nne. "Njoo unisomee," akasema. "Macho yangu hayaoni sawasawa."

Jalada lilikuwa nene. Karatasi sitini na nane. Za kaka yake zilikuwa sita tu: ya kukamatwa, ya kuhamishwa, mbili za daktari, ya kifo (siku ya arobaini na tatu tangu akamatwe, homa ya mapafu), na ya maziko. Safu ya tano, namba kumi na nne. Juu yake mhuri mwekundu: jamaa wasiarifiwe. Zilizobaki zote, sitini na mbili, zilikuwa barua zake Mzee Gundi na majibu yake. Nikamwona anazipapasa alama za dole gumba la mama yake, moja baada ya nyingine.

Ndipo nikatazama ndani ya ganda la jalada, kwenye karatasi ya karani wa masijala iliyobandikwa pale. Pale panaandikwa kwa nini jalada limepelekwa au halikupelekwa. Kwenye mwaka ule wenzake wanane walipoletwa, karani aliandika: "Lisipelekwe. Jalada hai. Barua imeingia Januari."

Nilisoma kimoyomoyo. Akasema, "Soma, binti yangu." Nikasoma. Alichukua penseli yake akaandika namba saba kwenye barua ya kwanza, nane kwenye jibu, akaendelea hivyo mpaka sitini na nane, kwa mwandiko wake mzuri ule ule, na machozi yanadondoka nje ya karatasi kwa sababu alikuwa amerudisha kichwa nyuma yasizilowanishe.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nawaheshimu, lakini siku ile ningewakuta tungekosana. Nisieleweke vibaya: wenye dhambi ni waliomchukua na waliogonga mhuri ule mwekundu, na karani aliyeona dole la bibi kizee kila mwaka akaona kanuni tu. Lakini kanuni ile tuliijua sote. Watu kumi na wanne kwenye jengo lile tunaijua kama majina yetu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza barua ile inakwenda kukaa wapi.

Nilimwambia, "Mzee, dada usimwambie hili la barua. Mwambie umempata, basi." Aliniomba tu nimsindikize.

Dada yake anakaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya viatu. Alitufungulia, akatutazama nyuso, akasema, "Mmempata." Akaketi. Mzee Gundi akamsomea zile karatasi sita alizonakili kwa mkono, mpaka safu, mpaka namba. Dada alilia kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa ameweka kilio hicho tayari siku nyingi. Halafu akapangusa uso kwa kanga yake akauliza, "Sasa mbona wenzetu walipewa mapema, wakazika watu wao?"

Nikadakia haraka, "Wizara ilichelewesha tu, dada yangu. Unawajua hawa."

"Usimdanganye," Mzee Gundi akasema. Akamweleza ile kanuni polepole, kama tunavyowaeleza wageni. Dada alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo tungenyamaza?"

"Tungenyamaza angeletwa na wenzake. Mama angekuwa na namba mkononi."

Nje fundi viatu anagonga misumari. Dada akasogea, akamshika mdogo wake mkono, akatafuta neno la kumfariji, na mimi nilifurahi, nikasema afadhali, sasa atamtuliza.

"Usijilaumu, mdogo wangu," akasema. "Mama alikufa na amani juu yako. Siku ile ya mwisho aliniambia, namshukuru Mungu huyu mtoto yuko kwenye ofisi ile, bila barua zake kaka yenu angepotea kabisa."

Mzee Gundi akamwomba asiyarudie maneno hayo. Dada akadhani hakuyasikia vizuri, akayarudia.