Rezista ya Elfu Nne na Mia Saba

Jamani, hili la Sikonge nimelificha muda mrefu, maana fundi mzima wa vifaa vya umeme, mwenye kibanda chake Ipuli, kuumbuliwa na ndoo ya asali si jambo la kujitangazia.

Wafugaji nyuki waliniomba kipimajoto, kwa sababu asali wanaipasha kwenye ndoo, ndani ya sufuria la maji ili ichujike, ikipita digrii arobaini inaanza kuharibika, na siku ile mnunuzi alikuwa anakuja kuonja. Nikatumia thamista, kidude kama punje ya uwele, kikipata joto ukinzani wake wa umeme unashuka, na kutokana na ukinzani huo unakokotoa digrii. Hufanya kazi pamoja na rezista, kidude chenye ukinzani usiobadilika, na yangu ya omu elfu kumi (omu ndiyo kipimo cha ukinzani) ikakatika mguu asubuhi hiyohiyo, basi nikachomeka ya elfu nne na mia saba (rezista si rezista tu?), programu nikaiacha vilevile, ikihesabu kwa elfu kumi.

Kioo cha kipimajoto kikaanza na digrii kumi na moja. Kumi na moja, Sikonge, watu wameshavua masweta! Nikawaambia asali hutunza baridi ya usiku, nao wakaitikia kwa heshima.

Moto ukachochewa. Mama Nyamizi, mwenyekiti wao, akagusa ndoo kwa mgongo wa mkono.

"Mwanangu, epua. Hili ni joto la maji ya kumkanda mzazi."

"Mama, bado thelathini na sita. Mashine haibahatishi."

Na ili kumhakikishia, nikazamisha vidole viwili. Asali ya moto haichuruziki kama maji, inang'ang'ania. Nilipiga yowe, nikajipangusa kwenye shati jeupe nililomvalia mnunuzi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye pikipiki.

Hakuna aliyecheka (afadhali wangecheka). Mama Nyamizi akanimiminia maji vidoleni, akasema, "Sasa tuonyeshe hesabu yenyewe, tujue nani kaongopa."

Nikachukua boksi na kipande cha mkaa. Kifaa kilisoma 397 kati ya 1023, mgawo wa umeme wa thamista, kwa hiyo upande wa rezista ni 626 zilizobaki. Nikagawanya 397 kwa 626, nikapata 0.634. Nikazidisha kwa rezista, na hapo mkono ukasita, maana nilikuwa naandika elfu kumi. Nikafuta, nikaandika 4,700: omu 2,981. Nikagawanya kwa 10,000, ukinzani wa thamista kwenye digrii 25, ikawa 0.298, logi asilia yake, hasi 1.21, gawanya kwa 3,950, namba ya thamista yenyewe, hasi 0.000306, jumlisha moja gawanya kwa 298.15 (digrii 25 zilezile kwa kelvini), yaani 0.003354, ikabaki 0.003048. Moja gawanya kwa hiyo, 328. Toa 273, kurudi kwenye digrii za kawaida.

Hamsini na tano.

Kale kapunje kalikuwa kamesema kweli tangu mwanzo, na mgongo wa mkono wa mama asiyejua logi ulikuwa umesema kweli hiyohiyo, na katikati yao mwongo alikuwa mmoja tu, ana shahada.

Mama Nyamizi akamweleza mnunuzi ukweli wote bila kunitaja jina, wakapasha ndoo nyingine, mimi nikikokotoa kwa mkaa, yeye akigusa. Aliposema "epua," boksi langu lilisomeka thelathini na tisa na nusu. Mnunuzi akaonja, akafumba macho, akaomba kijiko cha pili.

Tangu siku hiyo sikiamini kioo changu mpaka niwe nimepiga hesabu moja kwa mkono, na mwenye asali akiniambia epua, naepua kwanza, ubishi baadaye.