Kiingereza cha Majuto Nilichojifunza Zizini

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, najua mmefundishwa "should have", "could have" na "would have" ubaoni, mwalimu akiwa na chaki. Mimi nilisoma darasa la pili tu, na hayo maneno niliyafundishwa zizini. Tulieni niwaambie ilivyokuwa, na msiniharakishe.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa miaka ya hamsini, kwa shamba la mzungu huko Dundori, asubuhi ya baridi ya kukata vidole. Nyapara, yule msimamizi wa vibarua, alinipeleka chumba cha maziwa akanionyesha separeta. Hiyo ni mashine ya kutenga krimu: unazungusha mkono wake, maziwa mepesi yanatokea mdomo huu, krimu mdomo ule. Ndani ina visahani vyembamba vingi, kila kimoja na nambari yake. Ukiviosha unavitunga kwa waya kwa mpangilio, maana vikirudi ovyo, krimu yote inaenda na yale maziwa mepesi wanayonyweshwa nguruwe.

Mimi siku hiyo hiyo nikavirudisha ovyo. Memsahibu, yule mama wa kizungu wa shamba, akaangalia ndoo, akasema, "You should have kept them in order." Maneno sikuyaelewa. Sauti niliielewa.

Saa ya chai nikaenda jikoni kwa mpishi, Mzee Wafula, aliyekuwa amekaa na wazungu mpaka akajua Kiingereza chao cha hasira na cha furaha.

"Mzee, 'should have' ni kitu gani?"

"Ni kiboko cha mdomo," akasema bila kuacha kukanda unga. "Kazi imeshaharibika, hairudi, lakini lazima mtu achapwe nayo."

"Na 'could have'?"

"Hapo wanakuambia nguvu ulikuwa nayo, ukaikalia."

"Na 'would have'?"

Akacheka. "Hiyo ni ya mvivu. Ningekuja, lakini mvua. Ningeosha, lakini mguu. Wewe na hivyo visahani vyako utaihitaji sana, msichana."

Kuanzia hapo masikio yangu hayakupumzika. Nilitaka kujua nani anamwambia nani. Memsahibu, baridi ikimchomea maua ya waridi, alisema "I should have covered them." Krimu ikirudishwa kutoka kiwandani Nakuru kwa sababu imechacha, ilikuwa "you" moja kwa moja. Bwana meneja, aliyesimamia shamba lote, sikuwahi kumsikia akiyasema hayo maneno juu yake mwenyewe, na nilimsikiliza sana. Nami nilijizoeza kwa ng'ombe. Akipiga ndoo teke namwambia, "You should have waited, mama." Wenzangu walisema nimerogwa.

Baadaye nyapara alinihamisha kwenye kukamua, chini ya Mzee Kiprono, mkubwa wa wachungaji. Yeye ndiye alinifundisha kukamua kwa ngumi nzima, si kuvuta kwa ncha za vidole kama mwizi. Alinifundisha pia kuangalia ubavu wa kushoto wa ng'ombe, pale kwenye shimo mbele ya mfupa wa nyonga. Shimo likijaa, tumbo lina hewa, na ng'ombe hana muda. Na hakuna kitu kilicholeta hewa haraka kama klova, yale majani ya kupandwa, ikiliwa na umande na ng'ombe ana njaa. "Kwanza nyasi kavu," alikuwa akisema. "Halafu jua. Halafu klova."

Sasa, meneja alikuwa na sheria moja: hataki "lakini". Mchungaji mmoja alishafukuzwa kwa neno hilo tu. Kufukuzwa hakukuwa mchezo, maana kibanda kilikuwa cha shamba na mbuzi wako walilishwa kwa ruhusa ya shamba.

Asubuhi moja, mvua imetoka kunyesha, meneja akaja akamwambia Mzee Kiprono, "Peleka ng'ombe kwa klova. Upesi."

Mzee akatazama chini. Kisha akanitazama mimi. Alijua nina maneno machache ya Kiingereza, na kwamba memsahibu, aliyesimama pale mlangoni, hupenda kunisikia nikiyasema. Nilikuwa na ndoo mbili mikononi. Nikazitazama ndoo.

"Ndiyo, bwana," Mzee akasema.

Sikuwa nimemaliza kuosha ndoo niliposikia kelele. Ng'ombe watatu walikuwa chini, wamevimba kama ngoma. Mzee alimtoboa mmoja ubavuni kwa kisu chake, hewa ikatoka kwa mlio, yule akapona. Wawili wakafa tukiwaangalia.

Meneja alifika uso mwekundu. "You should have told me! Kwa nini wewe hapana sema? Lete kipande, nitie sahihi. Kwenda!"

Hapo ndipo ulimi wangu ulifunguka. "Bwana, he could have told you. I could have told you. You don't want 'lakini'."

Memsahibu alifunika mdomo. Meneja alinitazama muda mrefu, na nikadhani amesikia. Akatia sahihi kipande cha Mzee, ile karatasi ya kazi, kuonyesha amefukuzwa, akaondoka.

Kesho yake Mzee Kiprono alifunga mizigo, na mkewe na mbuzi, wakaelekea upande wa Kuresoi. Niliwasindikiza mpaka kwenye geti. Nikamwambia, "Baba, nisamehe."

"Kiingereza chako ni kizuri, msichana," akasema. "Jana asubuhi kingekuwa kizuri zaidi."

Sikumwona tena. Shamba lilikuja kugawanywa, nikafanya kazi ya maziwa kwa watu wengine, mpaka vidole vikakataa kukunja ngumi nikastaafu. Watu huniuliza kama nilimchukia meneja. Nilimchukia, ndiyo. Lakini zile ndoo mbili zilikuwa mikononi mwangu, si mwake, na ningeweza kuziweka chini nikasema.

Kwa hivyo siku niliponunua ng'ombe wangu wa kwanza niliwaita watu wa nyumba yangu wote, mume wangu pamoja, nikawaambia: "Ukiniona nakosea, niambie nikiwa bado nakosea. Hata nikiwa nimekasirika. Hata nikiwa nimekwambia ufunge mdomo."